Kava la Chini: Lirudi kwenye Gari au Libaki Gereji?

Karibu kila gereji niliyowahi kusimama Makambako ina kona yake ya plastiki nyeusi. Zimeegemezwa ukutani, moja juu ya nyingine. Kuna zilizolowa oili, kuna zilizokatika pembe, na kuna ambazo bado ni nzima kabisa. Hayo ni makava ya chini ya injini. Gari lilikuja kumwagwa oili, kava likafunguliwa na kuwekwa kando, kisha gari likaondoka bila hilo kava. Mwenyewe hakurudi kuliulizia. Wengine hawakujua hata kwamba walikuwa nalo.

Makambako ni mji wa njia panda. Hapo barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma inaachana na ile ya Njombe na Songea. Malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana, na reli ya TAZARA ina kituo chake. Mji wa namna hiyo lazima uwe na mafundi wengi. Kutoka hapo hadi Njombe ni kama kilomita 60 za lami, ukipanda kuelekea mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Lami haina shida. Shida huanza pale unapoiacha na kuingia njia za Lupembe, za Uwemba, za mashamba ya viazi, chai na parachichi. Kuanzia Novemba hadi Aprili njia hizo ni udongo mwekundu unaonata kama ugali mbichi. Kiangazi ni vumbi, na majani makavu yaliyoota katikati ya njia yanasugua tumbo la gari.

Swali lenyewe ni jepesi kulisema: ile plastiki irudi au isirudi? Nimelisikia likibishaniwa kando ya mashimo ya mafundi, kwenye stendi na kwenye foleni ya mafuta. Hapa naupanga mjadala huo kwa sauti nne pamoja na yangu, na kila sauti naipa jina la kazi yake.

DEREVA WA MCHOMOKO: Kamwene! Mimi nasema liondoke, tena mapema. Nafanya tripu Makambako na Njombe, saa nyingine napata abiria wa kijijini naingia njia ya vumbi. Kava likipata kokoto moja kubwa linapasuka. Likipasuka linaning'inia, likining'inia linaburuta. Abiria wanasikia mlio, wanaanza kuulizana kama gari ni zima. Nasimama, nalala chini na suti ya mvua, nalifunga kwa waya. Kesho yake waya umekatika. Mara ngapi? Halafu udongo. Unaingia kwa nyuma, unakaa juu ya plastiki, unakauka kama tofali. Natembea na shamba chini ya injini! Na oili ikivuja, kava linaificha. Bila kava, asubuhi nikiondoa gari nilipolaza naona tone chini. Najua mapema.

FUNDI KIJANA: Kaka, hilo la mwisho ni kweli tupu, na ni hoja nzito kuliko nyingine zote ulizotaja. Kava linaweza kuficha uvujaji kwa miezi. Lakini tazama unachokifanya: unaondoa kitu kinacholinda mkanda, alternata na kompresa ya AC ili uone tone la oili, tone ambalo ungeliona kwa kuchomoa stiki ya oili kila Jumapili. Stiki ipo juu, haihitaji shimo wala jeki.

DEREVA: Plastiki ile inalinda nini? Kidole kinaipinda.

Hapo naomba niingie, maana swali hilo nilijibiwa na barabara. Msimu mmoja wa mvua niliacha gari langu, IST, kwenye gereji ili oili imwagwe. Nilipolifuata niliambiwa kwamba plastiki za chini zimeondolewa ili injini ipumue. Nikashukuru, nikalipa, nikaondoka. Wiki chache baadaye nikitoka Lupembe, mvua ikinyesha, nilisikia mkanda ukipiga kelele ya kuteleza kila ninapopita dimbwi. Nikaendelea. Taa ya betri ikawaka. Nikaendelea tena kidogo, kwa sababu Njombe ilikuwa karibu. Kisha ikawaka taa nyekundu ya joto, na hapo nikazima injini. Mkanda ulikuwa umetoka. Mifereji ya puli ilikuwa imejaa udongo mwekundu, umeshindiliwa kana kwamba mtu aliupiga kwa nyundo. Kwenye injini ile mkanda unaochaji betri ndio pia unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo dakika chache zaidi za ukaidi zingenigharimu injini nzima. Nilikaa kwenye baridi ile ya Njombe, nguo zimelowa, nikisubiri fundi aje na mkanda mpya kwa bodaboda.

Mkanda wangu ulikuwa umeshazeeka, na hilo lazima nilitaje. Lakini fundi aliyekuja alinionyesha kitu ambacho sijakisahau. Kwenye IST nyingi kava la chini huja kwa vipande, cha kulia na cha kushoto. Mkanda na puli zake viko upande wa kulia, nyuma tu ya gurudumu. Gurudumu linapokanyaga tope, linalirusha kwa nguvu kuelekea ndani, na kipande cha kulia ndicho kinachosimama katikati. Kisipokuwepo, kila dimbwi unalokanyaga linamwagwa juu ya mkanda.

FUNDI KIJANA: Ndiyo jibu la swali lako, kaka. Kava halikutengenezwa kuzuia jiwe. Limetengenezwa kuzuia maji, matope na vumbi. Kidole kinalipinda, lakini tope halipiti. Alternata ina matundu ya kupitishia hewa, na tope likiingia humo linasaga brashi na beringi. Waya za sensa zilizo chini nazo zinaliwa pole pole. Leo plagi ina unyevu, kesho taa ya injini inawaka, mteja anaambiwa anunue sensa ambayo haijafa.

MAMA WA PARACHICHI: Shikamoo mzee wangu hapo, na nyie wanangu hamjambo. Mimi nasikiliza tu, lakini ninyi mnazungumzia maji, mimi gari langu liliumizwa na jiwe. Nabeba matunda kutoka shambani kwa Probox. Siku moja katikati ya njia kulikuwa na jiwe limefunikwa na majani, sikuliona. Likagonga chini kwa kishindo. Kava lilikuwepo, zima, na sampo ikapasuka vilevile. Oili yote ikamwagika njiani. Sasa hiyo plastiki ilinisaidia nini?

FUNDI KIJANA: Pole sana mama. Haikukusaidia chochote, na haingeweza. Watu wengi wanaita ile plastiki ngao, na jina hilo limewaponza. Ngao ni bamba la chuma linaloanzia chini ya bampa hadi nyuma ya sampo, kama lile la Land Cruiser na Hilux. Gari dogo lililotengenezwa kwa ajili ya lami ya Japani halikupewa chuma hicho, kwa sababu huko hakuna jiwe lililojificha kwenye majani katikati ya barabara.

MAMA WA PARACHICHI: Basi nifunge chuma.

FUNDI MKONGWE: Marahaba mama. Chuma kinafungika, mafundi wa kuchomelea wapo, na kwa njia zako mimi nakushauri ukifunge. Ila sikiliza masharti. Kishikwe kwenye chasi kwa bolti, kisichomelewe moja kwa moja, maana siku gia boksi ikitaka kushushwa utatulipa kukata vyuma. Kitobolewe tundu chini ya nati ya kumwagia oili. Kiachiwe nafasi na matundu ya kupitisha hewa na kutoa maji. Na kisiwe kizito cha kushusha pua ya gari, kwa sababu ukilishusha umelisogeza karibu na mawe yaleyale unayoyakimbia. Nimeona watu wanaweka spesa kuinua gari, halafu wanafunga bamba zito la kulirudisha chini. Na tena, chuma hakichukui nafasi ya kava la pembeni. Mkanda wako bado unahitaji kufunikwa.

DEREVA: Mzee, kwa heshima, wewe mwenyewe gereji yako ina makava ishirini ukutani.

Nilipolisikia jambo hilo likisemwa mara ya kwanza, kwenye gereji nyingine na kwa maneno mengine, wote tulinyamaza. Ndiyo shutuma ambayo wenye magari hawaisemi mbele ya fundi. Jibu nililolisikia siku hiyo linastahili kuandikwa kwa urefu, kwa sababu limebeba ukweli wa biashara hii kuliko maelezo yote ya kitaalamu.

FUNDI MKONGWE: Mwanangu, yapo, na nitakwambia yalifikaje. Gari linakuja kumwaga oili. Bei ya kumwaga oili inajulikana mji mzima. Ukiongeza kidogo mteja anavuka barabara. Nafungua kava: bolti za spana namba 10, na vile vibanio vya plastiki. Vibanio vina miaka kumi na tano au ishirini, vimekauka kwa joto la injini, ukivigusa vinavunjika. Sasa kurudisha nahitaji vibanio vipya, ambavyo mteja hakuvinunua. Nahitaji pia nusu saa nyingine chini ya gari, ambayo mteja hanilipi. Nyuma kuna gari la pili linapiga honi. Namwambia mteja, "Hii plastiki haina kazi, inazuia hewa." Anafurahi, anaondoka. Kila mtu ameokoa muda. Hilo neno la kuzuia hewa tulilirithi kwa mafundi waliotutangulia, na sisi tumewarithisha hawa vijana. Halikutoka kwenye kitabu.

MAMA WA PARACHICHI: Kwa hiyo ni uongo, mzee?

FUNDI MKONGWE: Ni neno la haraka, mama. Neno la haraka likirudiwa miaka thelathini linakuwa elimu.

Tulichambue hilo neno basi, kwa sababu ndilo linalowashawishi wengi, hasa mtu ambaye gari lake limewahi kuchemsha kwenye mlima. Inaonekana kama akili ya kawaida: fungua chini, hewa iingie, injini ipoe. Lakini hewa inayopoza injini haitoki chini. Inaingia kwa mbele, inapita katikati ya rejeta, inachukua joto, kisha inatafuta pa kutokea, na mlango wake mkubwa wa kutokea ni chini na nyuma ya injini. Gari likiwa katika mwendo, upepo unaokimbia chini ya kava unasaidia kuivuta hewa ya moto itoke. Ukiondoa kava, upepo wa chini unapanda kwenye chumba cha injini na kukutana na ile hewa inayotaka kutoka. Kwenye baadhi ya magari rejeta inapata hewa pungufu kuliko mwanzo. Na ukipanda mlima taratibu, umebeba mzigo, upepo wa mwendo ni mdogo na kazi yote inafanywa na feni. Hapo kava liwepo au lisiwepo, tofauti ni ndogo.

Kama gari linachemsha, chanzo kiko kwingine. Na hapa mwinuko wa Njombe una neno lake. Karibu mita 2,000 juu, maji katika sufuria isiyofunikwa huchemka kwenye nyuzi joto 93 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Mpishi wa maharage wa Njombe anaijua habari hiyo kwa muda anaoutumia jikoni. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni mfuniko wa rejeta, wenye springi na mpira unaobana presha ndani. Mpira ukichoka, presha inatoroka, na gari lililokuwa salama pwani linachemsha likipanda huku. Mfuniko ni kitu kidogo, cha bei ndogo, kinachobadilishwa kwa mkono. Nimeona magari yamevuliwa kava, yamevuliwa thamostati, yamefungiwa feni ya pili, na mfuniko ni uleule uliokuja nayo kutoka Japani.

FUNDI KIJANA: Umegusa thamostati. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Kwenye baridi ya Juni na Julai hapa Njombe, injini bila thamostati haifiki joto lake. Inakula mafuta, oili inabaki nzito, hita haitoi joto, na mwenye gari analalamika kwamba gari lake halina nguvu asubuhi. Tunaondoa kitu kwa sababu hatujakiona kikifanya kazi. Kava ni ndugu yake thamostati.

DEREVA: Sawa, nimekuelewa kwenye joto. Lakini na moto je? Kava lililolowa oili linaweza kushika moto.

Swali hili sikutaka lipitwe haraka, na sauti zote zilikubaliana kwalo kuliko jambo lingine lolote. Kava linalokusanya oili ni hatari. Oili ikivuja kutoka gasketi ya kifuniko cha juu, inashuka, inatulia kwenye plastiki karibu na bomba la moshi. Fundi akisahau tambara juu ya kava baada ya kupangusa, hatari inazidi. Kiangazi majani makavu nayo hujipenyeza na kukaa humo. Lakini ukiliondoa, majani yaleyale yanapanda moja kwa moja hadi kwenye bomba la moshi na kujiviringisha hapo. Katika nchi ya misitu ya misonobari na miwati, ambako cheche moja ya Septemba inaweza kula kazi ya miaka ishirini, pande zote mbili zina la kujibu.

FUNDI MKONGWE: Dawa yake ni gasketi. Oili ikivuja, ziba panapovuja. Kava lioshwe kwa sabuni ya unga na maji ya moto, likaushwe, lirudi. Lile lililonyonya oili mpaka limekuwa laini, au lililopasuka linaning'inia, hilo usilifunge kwa waya. Litoe kabisa, agiza lingine. Spea za mtumba zinapakiwa kwenye basi kutoka Dar es Salaam na kufika Makambako. Na bei ya kava haiifikii ya alternata.

DEREVA: Na kuokoa mafuta? Nilisikia kava linapunguza ulaji.

FUNDI KIJANA: Linapunguza upepo unaogonga chini ya gari, ndiyo, na kelele pia. Kwa mwendo wa kwetu na vibao vya kilomita 50 kila kijiji, usilihesabu hilo.

MAMA WA PARACHICHI: Mimi bado nina swali moja. Mnasema lirudi. Mzee amesema halirudi kwa sababu halilipiwi. Sasa nani alipe?

Swali hilo la mama ndilo lililonifanya niandike. Tulikuwa tumezungumza muda mrefu kana kwamba ugomvi ni kati ya plastiki na udongo. Mwisho wa yote ni nusu saa ya mtu aliyelala chini ya gari.

FUNDI MKONGWE: Alipe mwenye gari, mama, na fundi aseme bei hiyo mbele, kabla ya kufungua. "Kumwaga oili ni kiasi hiki, kurudisha kava na vibanio vipya ni kiasi hiki." Mteja akikataa, amekataa akijua. Mimi kosa langu si kwamba niliyaacha makava ukutani. Kosa langu ni lile neno nililowapa watu badala ya bei.

DEREVA: Mzee, kama ungeniambia hivyo mwaka ule, ningelipa.

FUNDI MKONGWE: Najua, mwanangu.

Msimamo wangu ni kwamba kava lirudi. Lirudi kwa gari la mjini na la shambani, kwa IST, kwa Noah na kwa Probox. Anayepita kwenye mawe aongeze bamba la chuma kwa masharti aliyoyataja mzee, na asidhani amepata ruhusa ya kutupa plastiki ya pembeni. Lililolainika kwa oili au kupasuka litolewe siku hiyohiyo na nafasi yake ijazwe kabla mvua za Novemba hazijaanza. Na hoja ya dereva kuhusu uvujaji naikubali kwa ukamilifu: kila oili inapomwagwa, kava lishushwe lote, litazamwe kwa tochi upande wa ndani, kwa sababu pale ndipo injini inapoandika kila inachovuja. Fundi anayemwaga oili kupitia tundu dogo la kava bila kulishusha ameokoa muda, lakini hajaitazama injini.

Mafundi wetu ni hodari. Nimewaona wakifufua magari ambayo yangetupwa mahali pengine. Uhodari huo unastahili kulipwa hata kwa kazi isiyoonekana, na kurudisha kava ni kazi isiyoonekana.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, wiki hii ukienda kumwaga oili, iwe Kibena pale Njombe au Makambako, muulize fundi bei ya kurudisha kava kabla hajaingia shimoni. Nunua vibanio mwenyewe. Kisha simama hapo mpaka bolti ya mwisho ya namba 10 ikazwe.